Kinu, mtungi na jiwe: Kukuza bonsai katika vyombo vya nyumbani Mombasa

KWA miaka mingi kina mama wa Mji wa Kale, Mombasa, wamekuwa wakipanda mrehani, asumini na mhina ndani ya madebe, mabeseni yaliyotoboka na vyungu vilivyovunjika mdomo, kisha wakaviweka uani, kwenye roshani au juu ya paa. Hakuna aliyewahi kuliita jambo hilo sanaa. Nyumba za Kibokoni, Kuze na Mkanyageni zimebanana ukuta kwa ukuta, ardhi ya kupandia haipo, na chombo kilichomaliza kazi yake jikoni hupewa kazi nyingine.

Mazoea hayo yanamweka mkazi wa kisiwa hiki karibu na ustadi wa bonsai kuliko anavyodhani. Neno hilo ni la Kijapani na maana yake ya msingi ni kupanda ndani ya chombo kipana mfano wa sinia. Ustadi wenyewe Wajapani waliupokea karne nyingi zilizopita kutoka Uchina, ambako huitwa penjing. Wengi hufikiri kuwa bonsai ni aina ya pekee ya mti iliyoumbwa fupi. Sivyo. Ni mti wa kawaida kabisa ambao mizizi na matawi yake hupunguzwa mara kwa mara, mwaka baada ya mwaka, hata ukapata sura ya mti mkongwe ilhali kimo chake hakizidi urefu wa mkono. Mbegu ya mbuyu wa bonsai ni ileile iliyozaa mibuyu minene ya Mama Ngina Drive.

Kwa desturi ya Kijapani, chombo cha bonsai hufinyangwa kwa udongo na kuchomwa, nacho huwa kipana chenye kina kifupi. Wenye kushika kanuni husema urefu wake uwe kama theluthi mbili ya kimo cha mti, na kina chake kikaribie unene wa shina. Vyombo vya namna hiyo si rahisi kuvipata katika maduka ya Mombasa, na anayeviagiza kutoka ng'ambo hulipia uzito wa udongo uliosafirishwa kwa meli au ndege. Makala haya basi yanashughulikia vyombo vilivyomo majumbani mwetu na pembezoni mwa bahari yetu: kinu, mtungi, kifuu, sufuria, mbao za majahazi makuukuu na jiwe la matumbawe. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotengenezwa kwa ajili ya kupandia mti, na hapo ndipo matatizo huanzia.

Maji yatatokea wapi?

Swali hili ndilo la kwanza, kabla ya kuuliza kama chombo kinapendeza. Mizizi huvuta hewa kama ilivyo kwa viumbe wengine. Udongo ukijaa maji bila njia ya kutokea, hewa hukosekana, mizizi huoza, na majani huanza kunyauka kana kwamba mti una kiu. Mwenye mti, kwa huruma, humwongezea maji. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuua mkwaju wa miaka minne kwa njia hiyo hiyo, ndani ya bakuli zuri la kauri ambalo hakuwa na moyo wa kulitoboa. Ulikufa katikati ya masika, na bakuli limebaki zima hadi leo.

Wapo wanaoamini kwamba ukitandika kokoto chini ya chombo kisicho na tundu, maji yatashuka humo na mizizi itakuwa salama. Imani hii imeenea sana na ni ya makosa. Maji hayatoki katika udongo laini kuingia katika kokoto mpaka udongo wenyewe ulio juu ya kokoto uwe umelowa kabisa. Kinachofanyika ni kuliinua tabaka la maji na kulisogeza karibu na mizizi.

Jambo jingine lisilojulikana na wengi ni kwamba chombo cha kina kifupi hubaki na unyevu mwingi kuliko kirefu, ukilinganisha kwa kiasi cha udongo. Katika kila chombo kuna tabaka la chini ambalo halikauki kwa urahisi hata kama tundu lipo. Ikiwa tabaka hilo lina sentimita tatu, basi katika sinia lenye kina cha sentimita sita ni nusu ya udongo wote, na katika kinu chenye kina cha sentimita thelathini ni sehemu moja ya kumi tu. Kwa hiyo anayepanda katika sinia atumie udongo wa chembe kubwa zaidi kuliko anayepanda katika kinu.

Hapa Mombasa maji yaliyotuama yana hatari kubwa zaidi ya kifo cha mti. Kisiwa hiki kimekumbwa na mlipuko wa homa ya dengue mara kadhaa, ikiwemo mwaka 2013, 2017 na 2021, na chikungunya iliwalaza watu wengi mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018. Magonjwa yote mawili huenezwa na mbu aina ya Aedes, ambaye hapendi mitaro michafu. Hupenda maji safi yaliyotulia ndani ya vyombo vidogo karibu na watu: pipa, tairi, kifuu, na kisahani kilichowekwa chini ya chungu cha maua. (Wazee wa pwani waliiita homa hiyo kidingapopo, na wataalamu wengi wa asili ya maneno husema jina la dengue lenyewe huenda lilitokana na Kiswahili.) Yai la mbu huyo laweza kustahimili ukavu kwa miezi, kisha likaanguliwa maji yanaporudi, na mbu mzima huruka baada ya muda wa wiki moja hivi. Kisahani cha chini ya bonsai basi kimwagwe na kusuguliwa angalau mara moja kwa wiki, maana mayai hugandama ukutani mwa chombo. Afadhali zaidi kisiwepo kabisa. Mti uwekwe juu ya mawe madogo matatu na maji yaanguke yalipo.

Lakini yaanguke wapi? Nyumba nyingi za kale za Mombasa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Ukubwa wa boriti hizo ndio uliopanga upana wa vyumba, takriban mita mbili na nusu hadi tatu. Chokaa hunywa maji, na ncha ya boriti iliyozikwa ukutani huanza kuoza pasipo mtu kuiona. Chombo cha sentimita 60 kwa 40 chenye kina cha sentimita 15 hubeba lita 36 za udongo. Ukishalowa, uzito wake waweza kufikia kilo 60, yaani mtu mzima aliyesimama mahali pamoja usiku na mchana. Vyombo kumi vya aina hiyo vilivyopangwa katikati ya chumba cha juu si mapambo tena. Viwekwe kandokando, juu ya ukuta unaobeba nyumba, na kamwe visiwe juu ya roshani ya mbao iliyochakaa. Maji ya kunyweshea yasiachwe yachuruzike ukutani, wala juu ya kichwa cha jirani apitaye chini.

Kinu kilichopasuka

Kati ya vyombo vyote vya jikoni, kinu cha mti ndicho kinachofaa kuliko vingine, na hasa kile kilichopasuka ambacho hakitwangi tena. Hutokana na gogo moja la mti mgumu, hustahimili jua, na sura yake ya kiuno chembamba huufanya mti uonekane umesimama juu ya kilima.

Ndani ya kinu mna umbo la faneli: juu pana, chini pembamba. Maji yote hukusanyika pale penye ncha. Tundu litobolewe hapo hapo kwenye ncha, si pembeni, na kwa kuwa kitako cha kinu chaweza kuwa na unene wa sentimita 10 au zaidi, kazi hii huhitaji keekee ndefu. Seremala hutoboa nusu kutokea juu na nusu kutokea chini. Tundu liwe na upana wa kidole gumba; likiwa dogo litazibwa na mizizi kabla ya mwaka kwisha. Kipande cha chandarua au wavu wa dirishani huwekwa juu yake ili udongo usitoroke.

Ufa ulioko ubavuni usizibwe kwa saruji wala gundi. Huo ni mlango wa hewa. Kinachohitajika ni kuuzuia usizidi, nako hufanywa kwa kuzungusha waya mnene au bamba jembamba la chuma chini ya mdomo wa kinu, kama mafundi wa mapipa wafanyavyo. Baadhi ya watu huweka makaa ya moto ndani ya kinu mpaka ukuta wake uwe mweusi, kwa kuwa mbao iliyoungua juujuu hukawia kuoza. Kitako kiinuliwe juu ya mawe ili mchwa wasipate njia ya siri.

Kwa kuwa kinu ni kirefu, hakiufai mti ulionyooka wenye shina jembamba. Utaonekana kama mwiko uliochomekwa. Kinaufaa mti unaoinama na kumwaga matawi yake chini kupita mdomo wa chombo, mtindo ambao Wajapani huufananisha na mti uliopigwa na upepo kwenye jabali. Bogenvilia hufanya hivyo kwa hiari yake.

Mtungi, kifuu na vyombo vya shaba

Mtungi wa udongo usiopakwa rangi ya kung'aa hupitisha maji kidogo kidogo katika kuta zake, na ndiyo sababu maji ya mtunginini huwa baridi. Baridi hiyo huifaa mizizi. Mtungi uliovunjika shingo hulazwa ubavu na mti ukapandwa katika pengo. Anayetaka kuutoboa mzima auloweke usiku kucha, aupindue juu ya mchanga, kisha azungushe ncha ya chuma polepole bila kupiga nyundo. Baada ya miezi kadhaa utaona unga mweupe ukijitokeza nje ya mtungi. Hiyo ni chumvi iliyotoka katika maji, na ni dalili ya kukuonya kuhusu maji unayotumia.

Kifuu cha nazi ni cha wenye subira na wakati. Nusu ile yenye macho matatu ina jicho moja laini, na hilo likisukumwa kwa msumari tayari tundu limepatikana. Humo hukaa mti wa kimo cha kiganja. Lakini udongo wake ni mchache kiasi kwamba upepo wa kaskazi waweza kuukausha kati ya asubuhi na adhuhuri, na kifuu chenyewe hakidumu sana. Kinapendeza mezani, na humfunza mtoto kuangalia kiumbe kila siku.

Sufuria na mabeseni ya aluminiamu yana kasoro ya joto. Jua la saa sita likipiga ubavu wa sufuria, mizizi iliyogusana na bati huungua. Atakayetumia sufuria aiweke ndani ya chombo kingine, au aufiche ubavu wake kwa kamba za makumbi. Ama madele ya kahawa na sinia za shaba, hayo yaachwe. Shaba huua ncha za mizizi. Sifa hiyo hutumiwa na wakulima wa miche, ambao hupaka dawa ya shaba ndani ya vyungu ili kuizuia mizizi isizunguke. Dele la kahawa, isitoshe, lina kazi yake inayojulikana.

Vipande vya jahazi na mitumbwi iliyokufa huvutia macho, na bandari ya zamani haijapungukiwa na kumbukumbu za vyombo hivyo. Mbao hizo zimekunywa chumvi kwa miaka mingi na nyingine zilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, au shahamu iliyochanganywa na chokaa. Ziachwe mvuani kwa msimu mzima wa masika, au zilowekwe katika maji matamu yanayobadilishwa kila baada ya siku chache kwa mwezi mmoja au zaidi, ndipo zitumike.

Kuna onyo moja juu ya vyombo vikuukuu. Vyombo vya kauri kutoka Uchina vilifika pwani hii karne nyingi kabla ya ustadi wa bonsai kusikika hapa, na baadhi vinaonekana katika makumbusho ya Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Katika nyumba za familia za zamani bado yamo mabakuli na mitungi ya aina hiyo. Kwa Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006, kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, isipokuwa vitabu na hati, huhesabiwa kuwa cha kale na kina ulinzi wake. Asiyejua umri wa mtungi wa bibi yake asianze kwa kuutoboa. Aupeleke kwanza ukaangaliwe Fort Jesus.

Mti juu ya jiwe

Atakayetaka kujionea bonsai ambayo haikupandwa na mtu, ainue macho atembeapo Ndia Kuu. Katika nyufa za kuta kuukuu huota mitini pori, miti ya jamii ya Ficus, ambayo mbegu zake huletwa na ndege na popo. Mti kama huo waweza kukaa miaka mingi ukiwa na kimo cha goti, ukiishi kwa vumbi na unyevu wa chokaa. Magofu ya Gedi, kaunti ya Kilifi, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2024, yanaonyesha hatua inayofuata: mizizi imeshuka ukutani kama nta iliyoyeyuka na kulikumbatia jiwe.

Mtindo huo wa mizizi kulishika jiwe ndio mzuri kuliko yote kwa Mombasa, na jiwe lipo. Kisiwa chote kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, uliokuwa chini ya bahari zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Jiwe hilo ni laini kiasi cha kukatwa kwa msumeno, na ndilo linalochimbwa bara kwa ajili ya ujenzi. Kipande kilichovunjika kutoka kwa machimbo au kwa mjenzi hutosha. Kichongwe kwa tindo shimo la kina cha sentimita 10 hadi 15, na tundu la maji litokezee chini. Matumbawe hai ya baharini yasiguswe; ni makazi ya samaki, na kuyang'oa ni kosa.

Mche wa mtini huoshwa mizizi, ukapandishwa juu ya jiwe, mizizi ikatandazwa katika mifereji ya jiwe na kufungwa kwa kamba ya makumbi. Kisha jiwe lote na mizizi huzikwa ndani ya debe la udongo kwa mwaka mmoja au miwili. Kila baada ya miezi michache udongo wa juu hupunguzwa kidogo, mpaka jiwe lijitokeze na mizizi iwe imeshanenepa juu yake. Wengi hukosa uvumilivu na kulifukua kabla ya wakati.

Lipo tatizo la chokaa. Jiwe la matumbawe huufanya udongo kuwa wa chokaa, na katika udongo huo madini ya chuma hayanyonyeki kwa urahisi; majani mapya hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Miti isiyojali chokaa ichaguliwe. Mmojawapo ni mvinje. Mwaka 1971 René Haller alipoanza kuotesha miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mahali palipokuwa jiwe tupu lenye maji ya chumvi karibu na uso wa ardhi, alijaribu aina 26 za miti, na zilizosalimika ni tatu tu. Mvinje ulikuwa mmoja wao na ndio uliolifunika eneo zima. Majani yake membamba kama nyuzi huufanya uonekane mti mkubwa wa mbali, hata ukiwa na kimo cha sentimita 40.

Mbuyu nao huufaa mtindo huu. Mbegu yake ina ganda gumu. Ikwaruzwe au itiwe katika maji ya moto yaliyoachwa yapoe, kisha ipandwe. Shina hunenepa mapema, ila mzizi mkuu ukatwe mche ukiwa mdogo ili mizizi ya pembeni ienee. Wakati wa kiangazi mbuyu hupukutisha majani, na hapo haunyweshwi ila kwa nadra. Waridi la jangwani, Adenium obesum, lina tabia hiyohiyo na maua ya waridi, lakini utomvu wake ni sumu iliyotumiwa kupaka mishale. Nyumba yenye watoto wadogo iuweke juu.

Mtini pori una kasoro yake, tena kubwa. Mizizi yake hutoka katika tundu la chombo na kutafuta ufa. Mti uliowekwa mwaka mzima pasipo kusogezwa juu ya ukuta wa chokaa unaweza kuwa umekwisha kuingia ndani ya ukuta huo. Ugeuzwe kila wiki na chini yake pakaguliwe.

Miti ipatikane vipi? Kwa mbegu na vipandikizi. Kung'oa mti uliodumaa porini ni njia ya mkato inayosifiwa mno na wapenzi wa bonsai, na ina madhara. Katika mawe ya ufuoni huota kilalamba kike, Pemphis acidula, mti wenye shina lililopindapinda unaotamaniwa na watu wa bonsai duniani kote. Nchini Ufilipino, mahali unapoitwa bantigue, uchimbaji wa kuuzia wapenzi hao umeupunguza sana ufuoni. Hapa kwetu mikoko ilitangazwa kuwa hifadhi ya msitu tangu mwaka 1932. Na wasomaji watakumbuka ghadhabu iliyozuka mwaka 2022, mibuyu mikubwa ya Kilifi ilipong'olewa ili isafirishwe hadi Georgia, mpaka Rais William Ruto akaagiza uchunguzi ufanywe. Ukubwa wa mti haubadilishi swali la nani alitoa ruhusa.

Udongo, maji na misimu

Mchanganyiko mwepesi unaofaa ni sehemu mbili za mchanga mkavu wa chembe kubwa wa mtoni, sehemu moja ya vigae vya paa vilivyosagwa, na sehemu moja ya makumbi ya nazi yaliyooza pamoja na samadi kuukuu kidogo. Vumbi lichekechwe na kutupwa. Mchanga wa ufuoni hautumiki, hata ukioshwa, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni magamba na matumbawe.

Mombasa hutegemea maji yanayoletwa kutoka bara, kama vile Mzima, Marere na Baricho, na kila mkazi anajua yanavyokatika. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya magadi. Bonsai yaweza kuvumilia maji hayo siku chache, lakini chumvi hujikusanya. Maji ya mvua yakingwe, nayo yamwagwe kwa wingi mara moja kwa wiki mpaka yatoke chini yakiwa mengi, ili yaondoke na chumvi. Maji ya udhu, kwa kuwa hayana sabuni, yanafaa sana.

Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, chombo kidogo hunyweshwa asubuhi na jioni. Kusi likianza na masika yakaingia, ndipo mizizi ipunguzwe na udongo ubadilishwe: theluthi moja ya mizizi hukatwa, na mti huwekwa kivulini wiki mbili tatu. Vitabu vya Kijapani husema kazi hii ifanywe kila baada ya miaka miwili au mitatu. Katika joto letu mtini huweza kukijaza chombo kwa mwaka mmoja. Hali kadhalika waya wa kupindia matawi: huko huachwa miezi mingi, hapa ukaguliwe kila wiki mbili, kwa maana tawi hunenepa haraka na waya ukaacha kovu.

Kuuweka mti uonekane

Vichochoro vya Mji wa Kale vilijengwa vyembamba ili vilete kivuli, na kivuli ni adui wa bonsai. Barazani jua huenda likafika saa moja tu kwa siku. Basi mti uishi juu, penye jua la asubuhi na mbali na upepo wa chumvi unaotoka baharini moja kwa moja, na uteremshwe barazani siku za wageni, arusi au Idi, kisha urudishwe baada ya siku mbili au tatu. Wajapani nao hawauweki mti wao ndani daima.

Ukuta mweupe wa chokaa ndio mandhari bora. Mti uwekwe mbele yake, shina likiwa usawa wa macho ya mtu aliyeketi. Mbele ya mlango wa nakshi hupotea kabisa, kwa kuwa nakshi na matawi hushindana. Zidaka, pale zilipobaki, hupendeza kwa jioni moja, na chini ya chombo pawe pamekauka.

Kinu kitaoza. Katika mvua na jua la pwani, hata mti mgumu hufika siku ukibonyezwa kwa kidole ukabonyea. Siku hiyo waya wa ubavuni hukatwa, ufa hupanuliwa kwa patasi, na kinu hufunguka vipande viwili. Ndani mtakuwa na mizizi iliyoshikana katika umbo la faneli, mfano kamili wa tumbo la kinu, na mti hutoka pamoja nayo ukiwa mzima. Hupunguzwa chini, hupewa mchanga mpya, na mwenyewe huenda kumtafuta jirani aliyenunua mashine ya kusagia.